Wana wa Pwani Tusiojua Kuogelea

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Keti kitako unisikilize, kwa maana nina jambo linalonikereketa moyoni tangu mwezi wa pili. Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii nimeipachika katika insha nyingi ili kumfurahisha mwalimu, lakini maana yake sikuijua. Niliijua Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2025, tena kwa kuyameza hayo maji yenyewe, ya chumvi, kwa pua na mdomo.

Maoni yangu nitayasema mapema, nisije nikaambiwa nazunguka mbuyu. Naona ni aibu, na zaidi ya aibu ni hatari, mwanafunzi wa Kwale kumaliza kidato cha nne hajui kuogelea. Hata kama ana A katika Jiografia! Nisikilize kwanza kisa changu, kisha unihukumu upendavyo.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani kuingia, Chama cha Kiswahili na kile cha Jiografia viliungana kufanya ziara ya Shimoni, kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Miaka mingine yote ziara yetu huwa ni Mombasa, Fort Jesus, na wengine wetu tumeliona lile boma mpaka tunajua hesabu ya mizinga yake. Safari hii mwalimu wetu wa Jiografia alituuliza, "Nyinyi mna bahari mlangoni kwenu, mbona mwaenda kutazama bahari ya watu?" Tulicheka sana, lakini swali lilibaki.

Basi tuliondoka alfajiri, wanafunzi 41, wasichana 22 na wavulana 19. Nyimbo zilikuwa si nyimbo, kelele zilikuwa si kelele. Tukapita Ramisi, tukaiacha barabara kuu iendayo Lunga Lunga, tukashika njia ya Shimoni. Tulianzia pangoni, maana jina la mji huo lilitoka humo. Ni pango la mawe ya matumbawe, lipo karibu na bahari, na wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja majahazi ya kuwapeleka Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Tulipotoka humo ndani hakuna aliyekuwa akiimba tena. Mimi niliwaza kwamba labda hofu yetu ya bahari ilianza zamani, siku watu walipoona wenzao wakipandishwa chomboni wasirudi.

Tukapanda mashua mbili za injini. Kila mtu alipewa jaketi la kuokolea maisha, la rangi ya chungwa, akafungwa kamba mpaka akashindwa kupumua. Wengine walilalamika ati linawaharibia picha. Kumbukeni neno hili, nitalirudia.

Mlango wa bahari kati ya Shimoni na Wasini ulikuwa umetulia kama maji ya birika. Tulipotoka nje, upande wa visiwa vya Mpunguti, upepo wa kaskazi ulianza kututikisa. Ghafla baharia akapiga ukelele, "Pomboo hao!" Lo! Tuliwaona kama wanane, wakitokeza migongo na kuzama, wakitokeza na kuzama, kana kwamba wanashona bahari kwa uzi. Rafiki yangu niketiye naye dawati moja alilia kwa furaha. Ana miaka 17, amezaliwa na kulelewa hatua mia chache kutoka ufuoni, na hajawahi kumwona pomboo ila katika kitabu cha Sayansi.

Tulifika Kisite yapata saa tano na nusu, maji yakiwa yamekupwa sana kwa kuwa ilikuwa siku za bamvua. Yafaa msomaji ajue kwamba hifadhi hii ilianzishwa katika miaka ya 1970, na kwa jumla ina eneo la kilomita mraba 39. Upande wa Kisite hairuhusiwi kuvua kabisa. Upande wa Mpunguti wavuvi huruhusiwa kuvua kwa njia za jadi. Ndiyo sababu samaki wa huko hawamkimbii mtu.

Nahodha wetu, mzee wa makamo mwenye kofia ya mkono iliyopauka kwa jua, alizima injini akatugeukia. "Haya wanangu, wangapi mwajua kuogelea?"

Mikono iliyoinuka ilikuwa sita. Yote ya wavulana, na wanne kati yao ni watoto wa wavuvi.

"Sita?" nahodha akauliza. "Kwani nyinyi mwatoka Nairobi?"

"La, nahodha. Twatoka Msambweni."

"Astaghfirullah! Msambweni hii ya hapa?" Akatikisa kichwa, wala hakucheka.

Palepale, katika mashua iliyotia nanga kando yetu, mtoto wa kizungu ambaye sidhani alikuwa amepita miaka saba alisimama ukingoni, akajiziba pua, akaruka majini chubwi! Babake wala hakushtuka. Sisi, wana wa bahari, tulijishikilia kwenye mbao za mashua kama paka aliyemwagiwa maji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akija akaijua nyumba yako kuliko wewe, ni nani hapo mwenyeji?

Basi nikaona haya. Nilikuwa nimevaa suruali ndefu, kanzu yangu ya mikono mirefu na mtandio nilioufunga imara. Nikamwambia mwalimu wa kike aliyekuwa nasi kwamba nataka kuingia. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ninayo, nami sikuwa nayo. Nikapewa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, nikateremka kwa ngazi, nikashika kamba iliyofungwa boya, nikatia uso majini.

Ndugu msomaji, sitakudanganya kwamba naweza kueleza nilichokiona. Chini yangu palikuwa na mji mzima. Matumbawe mengine yalikuwa kama pembe za paa, mengine kama uyoga, mengine kama ubongo wa mtu. Palikuwa na pono wa kijani wakitafuna mawe, nami nikazisikia sauti za meno yao, krr, krr. Palikuwa na kikande, chewa aliyejificha chini ya jiwe, na vijisamaki vya manjano vilivyonijia usoni bila adabu. Hawa pono na chewa nawajua tangu utotoni, lakini nimewajua wakiwa wamelala juu ya mbao za muuzaji, macho yamekufa. Sikujua kwamba wakiwa hai wana rangi zile.

Kisha akapita kasa. Alipita chini yangu polepole, kama mzee atokaye msikitini. Nikamfuata kwa macho, halafu nikamfuata kwa miguu, na katika kumfuata nikaiachia kamba.

Maji yalikuwa yameanza kujaa. Sikuhisi chochote mpaka nilipoinua kichwa nikaiona mashua iko mbali. Nikataka kurudi, nisijue mtu hurudi vipi. Nikapiga miguu, mrija ukajaa maji, nikauvuta mdomoni, nikafungua kinywa kupiga kelele, wimbi likaingia. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilitapatapa kweli. Nilimwita mama, naye yuko Msambweni. Kitu kimoja tu kilinishika juu ya maji, nacho ni lile jaketi tulilolilalamikia. Kama si jaketi hilo, makala haya yangeandikwa na mtu mwingine, tena katika ukurasa wa tanzia.

Baharia mmoja kijana alinifikia kwa mapigo machache, akanishika begani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, usipigane nayo. Lala chali. Tazama mbingu." Nikalala chali. Nikaelea. Mambo yakaisha. Hakunifanyia ajabu yoyote. Alinifundisha jambo la sekunde kumi ambalo hakuna mtu aliyewahi kunifundisha katika miaka yangu 16 ya kuishi kando ya bahari.

Mwalimu hakunigombeza. Alinifunika leso akaketi nami kimya mpaka tukafika Wasini, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka kuliko yangu.

Kisiwani tulikula wali wa nazi na samaki, kisha tukatembezwa kwenye njia ya mbao inayoendeshwa na akina mama wa Wasini. Njia hiyo imepita juu ya bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari, na mikoko inaota katikati yake. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza mikeka alikuwa ameshapata habari zangu. Kisiwa kile hakina magari, lakini habari zake zina magurudumu. Akaniita.

"Mjukuu wangu, ndiwe uliyekunywa bahari?"

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nilijua kuogelea kabla sijajua kusonga sima. Tulipewa dumu tupu la mafuta tulikumbatie. Siku ya siku wanyang'anywa dumu, na wewe wajiona waenda. Huku asiyejua maji ni kama asiyejua njia ya kwao."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nilimweleza mama kisa chote, nikitarajia kofi au machozi. Mama alinyamaza, kisha akanisimulia jambo ambalo hajawahi kunisimulia. Alikuwa na miaka tisa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka kule Mombasa, karibu kabisa na gati, na watu 272 wakafa. Anakumbuka redio ikiwa imefunguliwa kutwa nzima na wanawake wa mtaa wakilia nyumba hadi nyumba. "Tangu siku ile," alisema, "nyanyako hakutaka kutuona hata na miguu mibichi. Bahari si shoga ya mtu, mwanangu."

Namheshimu mama, na nimeielewa hofu yake. Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wazazi wetu, na nasema kwa adabu. Wao waliona bahari inaua, wakatukataza kuigusa. Je, kutokuigusa kumetuondolea bahari? Feri ya Likoni tunaipanda. Mashua za kwenda Funzi na Wasini tunazipanda. Akina mama wa Kibuyuni wanaingia majini kulima mwani, na wengine wetu tumetoka katika nyumba hizo. Mvua za masika zikishuka, hata Mto Ramisi hufurika. Maji hatuwezi kuyakimbia. Sisemi kwamba wote waliokuwamo katika feri ile wangeokoka kama wangejua kuogelea, la hasha. Chombo kikipinduka, hata hodari hubanwa na umati. Nasema tu kwamba anayejua kulala chali ana nafasi moja zaidi ya asiyejua.

Wala si sisi peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani kote, na karibu nusu yao walikuwa chini ya umri wa miaka 29. Yaani vijana na watoto, sisi hasa! Miongoni mwa mambo ambayo shirika hilo linapendekeza ni kuwafundisha watoto wa shule kuogelea na kujihadhari na maji. Tangu mwaka 2021, Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia watu kufa maji. Shuleni kwetu siku hiyo hupita kama jana na juzi.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema mwanamke wa Kiislamu hafai kuonekana majini. Namjibu kwamba kule Nungwi, Unguja, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi yaliyofunika mwili mzima, nao hawakuacha dini yao ufuoni. Isitoshe, wazee wetu hupenda kutukumbusha kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar, ya kuwahimiza wazazi wawafunze watoto kuogelea. Sijasikia aliposema watoto wa kiume pekee. Mimi mwenyewe niliingia na mtandio wangu, nikatoka nao. Kilichotaka kuniua ni ujinga, wala si nguo.

Wa pili atasema hakuna pesa. Pesa za nini? Bahari haina kiingilio. Katika ufuo wetu, maji yakipwa, kuna madimbwi yaliyo ndani ya mwamba ambayo yanamfika mtu kiunoni, wala hayana mawimbi. Walimu wapo pia. Wavuvi wa vikundi vya ufuoni, vile viitwavyo BMU, wanaijua bahari kama tunavyojua njia ya kantini. Waombwe tu.

Wa tatu atasema hakuna wakati, mtaala umejaa. Huyu naomba aitazame ratiba yetu. Kuna kipindi kinachoitwa mazoezi ya mwili. Kipindi hicho kimemezwa na Hesabu tangu tukiwa kidato cha kwanza, na kusema kweli hata hizo Hesabu hatujapasi!

Kuna faida nyingine ambayo sikuitia maanani mpaka nilipotia uso majini. Mtu hawezi kukilinda asichokijua. Tunasoma darasani kwamba mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakapauka na kufa, na kwamba mwaka 2024 wanasayansi walitangaza tena kupauka kwa matumbawe dunia nzima. Niliposoma hayo niliyakariri kwa ajili ya mtihani. Sasa nikiyasoma naona ule mji wa chini ukizimwa taa mmoja mmoja, nao ni mji wetu. Na kazi je? Manahodha, walinzi wa hifadhi, waokoaji wa ufuoni wa Diani, wapiga mbizi, watafiti. Nafasi hizi ziko mlangoni kwetu, nazo zinamtaka mtu ajuaye maji. Tusipojua sisi, watakuja wanaojua, kisha tutalalama ati tumenyang'anywa.

Basi pendekezo langu kwa Mwalimu Mkuu, kwa walimu na kwa Bodi ya shule ni hili. Kwanza, kila mwanafunzi anayejiunga na shule afundishwe kulala chali na kuelea kwa muda wa dakika mbili, na kwenda mwendo wa mita 25. Hayo tu, hatutafuti medali. Pili, wasichana wawe na siku yao, na walimu wa kike wawepo. Tatu, ziara ya Kisite iwe ya kila mwaka, na asiyevaa jaketi asipande chombo, hata akiwa kiranja.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msinielewe vibaya mkaenda kujirusha baharini kesho. Usiingie peke yako. Usiingie wakati wa kusi kali. Muulize mvuvi habari za maji kujaa na kupwa, usione haya, maana mimi sikuuliza na mlisikia yaliyonipata. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje mbele ya mtu mzima.

Mtauliza, na wewe je, au ni maneno matupu? Wiki chache baada ya Idi nilimwomba mama ruhusa ya kufunzwa na mjomba, ambaye ni mvuvi. Mama alikaa kitambo kirefu bila kujibu. Kisha akasema, "Utakwenda, lakini na mimi nitakuja nione." Tangu hapo kila Jumamosi ya maji kupwa twaenda watatu. Hivi ninavyoandika naelea chali nikihesabu hadi mia na ishirini, na bila dumu naenda kutoka jiwe moja hadi jingine. Mama huketi mchangani, viatu mkononi, asitoe macho yake kwangu. Jumamosi iliyopita aliingia majini hadi magotini.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi maji haya tumezaliwa kando yake. Tumekwisha kuyavulia nguo zamani, hatujaoga tu. Hapa ndipo ninapotia nanga. Mwenye maoni tofauti na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa hamu.